Jinsi ya kuipata video iliyokupotea mtandaoni: mwongozo kamili

Ulikuwa katikati ya video, simu ikaita, ukarudi ukakuta ukurasa umejifungua upya na ile video haipo tena. Au uliiona wiki tatu zilizopita, hukuitilia maanani, na leo ndiyo unaihitaji. Wengi wakifika hapo hukimbilia kisanduku cha kutafutia, wanaandika maneno mawili, wanamwagiwa maelfu ya video zisizohusika na kukata tamaa. Kisanduku hicho ndicho mahali pa mwisho pa kwenda. Anza na akaunti yako mwenyewe, kwa sababu humo unachambua video ulizoziangalia wewe tu, na nyingi bado zina alama uliyoiacha bila kujua. Ukikosa huko ndipo uifuate video yenyewe kupitia maneno, sauti na picha zake. Watu wa kuwauliza waje baadaye.

Na usikawie. Kumbukumbu nyingi za mitandao hii zina muda maalumu, ukipita zinafutwa.

Ili tuelewane, nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: video fupi ya fundi anayeonyesha namna ya kutengeneza cherehani inayoruka mishono. Hukulaiki, hukuihifadhi, jina la fundi hulijui.

Kama imepotea sasa hivi

Usivute skrini kwenda chini na usiifunge programu. Bonyeza kitufe cha kurudi nyuma mara moja usubiri. Mara nyingine ukurasa wa awali unarudi ulivyokuwa. Kama uliifungua kwa kubofya linki ndani ya WhatsApp au Telegram, linki hiyo bado iko kwenye mazungumzo. Kama ulikuwa kwenye kivinjari, fungua historia yake: kwenye kompyuta Ctrl na H katika Chrome inatosha, na Chrome hutunza historia ya siku 90.

Kisha hakikisha uko kwenye akaunti ileile. Linaonekana jambo dogo, lakini mwenye akaunti mbili au tatu kwenye simu moja anaweza kupekua historia kwa saa nzima kumbe video aliitazamia akaunti nyingine. Na kama uliitazama bila kuingia kwenye akaunti yoyote, au kwa dirisha la faragha la kivinjari, usipoteze muda kwenye historia. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya maneno.

Andika unachokumbuka kabla hujaanza kutafuta

Chukua karatasi. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote, kwa sababu ukishaanza kutazama video nyingine zinazofanana, kumbukumbu inachanganyika na mwishowe huna uhakika fundi alivaa shati la bluu katika video ipi.

Andika mambo madogomadogo, si mada. "Video ya cherehani" haisaidii. Kinachosaidia ni hiki: fundi alikuwa mzee mwenye miwani, cherehani ni nyeusi, ya zamani, na ubavuni imeandikwa Singer, alisema sindano imewekwa kinyume, upande bapa ulitakiwa kutazama upande mwingine, nyuma kulikuwa na muziki wa gitaa usio na maneno, video ilikuwa ya wima, chini ya dakika mbili, maandishi ya njano yalipita juu ya skrini. Andika pia uliitazama lini na ukiwa wapi. Kama siku huikumbuki, fungua kwenye simu sehemu inayoonyesha muda uliotumia kila programu. Ukiona kwamba Jumanne usiku ulikaa TikTok saa mbili na Jumatano hukuifungua kabisa, umeshapunguza eneo la kutafuta.

Pekua akaunti yako

Menyu za programu hizi huhamishwahamishwa, kwa hiyo nakupa jina la unachokitafuta. Kikihama, andika jina hilo kwenye kisanduku cha kutafutia kilichomo ndani ya mipangilio.

YouTube ndiyo rahisi kuliko zote. Fungua historia ya kutazama na utafute neno ndani yake. Usiishie kutelezesha kidole. Ukitaka kwenda kwa tarehe, nenda myactivity.google.com ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, chuja ibaki YouTube peke yake, kisha chagua siku. Humo utaona pia maneno uliyoyatafuta siku hiyo, na mara nyingi neno ulilolitafuta dakika chache kabla ndilo lililokuleta kwenye video. Tahadhari moja: historia hii inaweza kuwekwa ijifute yenyewe baada ya miezi 3, 18 au 36. Angalia yako imewekwa ngapi, na kama imezimwa, iwashe leo.

TikTok ina historia ya kutazama ndani ya mipangilio, katika kituo cha shughuli, pamoja na historia ya maoni uliyoandika. Kabla ya kufika huko, pita kwenye wasifu wako uguse alama ya moyo na ile ya hifadhi. Kidole hulaiki bila mwenyewe kujua, hasa mtu anapogusa skrini mara mbili, na wengi wamezikuta huko video walizoapa hawakuzigusa.

Instagram kwa miaka mingi haikuwa na historia ya kutazama. Mwezi Oktoba 2025 iliiweka, ndani ya sehemu ya shughuli zako, kwa ajili ya video fupi za Reels, nayo inarudi nyuma siku 30. Katika sehemu hiyohiyo utakuta kila ulicholaiki na kila ulipotoa maoni. Usisahau ujumbe wa ndani: kama ulimtumia rafiki video ile, au yeye alikutumia, fungua mazungumzo yenu uangalie midia mliyobadilishana.

Facebook inaandika karibu kila kitu katika kumbukumbu ya shughuli. Ifungue, tafuta kipengele cha video ulizotazama, kisha panga kwa tarehe. Vitu ulivyohifadhi mwenyewe, tofauti na kumbukumbu hiyo, viko kwenye menyu kuu, na watu huvisahau humo kwa miaka.

X (zamani Twitter) haina msaada mkubwa kwa historia ya kutazama. Angalia alamisho zako na ulizolaiki. Tangu Juni 2024 laiki za X ni siri, yaani wengine hawazioni, lakini wewe mwenyewe unaziona kama kawaida.

WhatsApp nayo isikupite. Gusa alama ya kutafuta juu ya orodha ya mazungumzo, kisha chagua aina: video, au viungo. Ukichagua viungo na kuandika "tiktok" au "youtu", utaletewa kila linki ya huko iliyo bado kwenye mazungumzo yako yote, makundi yakiwemo. Kwa simu za Android, video zilizopakuliwa hukaa kwenye folda ya Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media, hata kama ujumbe wenyewe hauonekani tena kwenye mazungumzo. Ila kama video ilikuwa ya hali, ile inayodumu saa 24, mwombe aliyeiweka akutumie.

Omba nakala ya data zako

Hapa ndipo penye hazina, na ni wachache wanaopajua. Kila mtandao mkubwa una mahali pa kuomba nakala ya taarifa ulizonazo humo. Kwa TikTok ni ndani ya mipangilio ya akaunti, kwenye kupakua data zako. Unachagua muundo wa maandishi au JSON (muundo wa data wa kusomwa na programu), unasubiri, pengine siku kadhaa. Faili likiwa tayari lipakue mapema, maana linakaa siku 4 tu kisha linaondolewa.

Ndani yake kuna orodha ndefu ya video ulizotazama: kila mstari una tarehe, saa na linki. Hakuna picha wala kichwa cha video, ndiyo maana ile tarehe uliyoiandika kwenye karatasi inahitajika. Fungua faili kwenye kompyuta na utafute siku yenyewe. Saa zimeandikwa kwa majira ya UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), kwa hiyo kama saa yako iko mbele kwa masaa 3, kilichotazamwa saa nne usiku kwako kitaandikwa 19:00. Bofya linki moja baada ya nyingine. Inachosha, ndiyo, lakini kwa video ambayo hukuigusa hata kidogo hii mara nyingi ndiyo njia pekee yenye uhakika.

Sasa fuata maneno

Umefika kwenye kisanduku cha kutafutia. Siri yake ni kuandika maneno ambayo mwenye video aliyatamka au aliyaandika. Wewe unamsimulia mwenzako "yule mzee anayetengeneza cherehani", lakini yeye hakujiita mzee, wala hakuandika kwamba anatengeneza. Huenda aliandika "cherehani yako inaruka mishono? Angalia sindano kwanza". Jiulize: ningekuwa mimi ndiye niliyeiweka, ningeandika nini juu yake? Kisha jaribu na lugha nyingine. Video inaweza kuwa ilitafsiriwa kwa maandishi ya chini tu, na kichwa chake kiko kwa Kiingereza, Kihindi au Kihispania.

Baada ya kuandika, tumia vichujio: tarehe ya kuwekwa, urefu, na pale vinapopatikana, chujio la video ulizokwisha kuzitazama. TikTok imekuwa na chujio hilo la mwisho. Ukilikuta kwenye matokeo yako, liwashe kabla ya kitu kingine chochote.

Kama unaikumbuka akaunti lakini si video, ingia kwenye ukurasa wa akaunti na utafute humo ndani. YouTube ina alama ya kutafutia kwenye kila chaneli. Kwenye X unaandika from: na jina la akaunti bila nafasi katikati, unaongeza since: na until: pamoja na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kisha filter:videos ili zibaki zenye video peke yake.

Google nje ya mitandao hiyo mara nyingi inaishinda mitandao yenyewe. Andika hivi:

site:tiktok.com "inaruka mishono" Singer

Alama za nukuu zinailazimisha ilete maneno hayo kwa mpangilio huohuo. Ukiongeza after:2025-01-01 unaondoa za zamani. Rudia kwa site:facebook.com, site:instagram.com na site:youtube.com, kwa sababu video nzuri hukopiwa, na fundi uliyemwona Facebook huenda makao yake ni YouTube.

Fuata sauti

Kwenye TikTok na Reels, kila video ina jina la sauti chini yake, na ukiligusa unaletewa video zote zilizotumia sauti hiyo. Kwa hiyo kama unaukumbuka ule muziki wa gitaa, tafuta kwanza muziki wenyewe. Shazam, programu ya kutambua nyimbo, inautambua ukiwa unapigwa. Kama umebaki kichwani tu, programu ya Google tangu 2020 inakuruhusu uuvumishe kwa mdomo au upige mluzi sekunde 10 hadi 15, nayo inakisia. Ukishapata jina la wimbo, rudi TikTok, fungua ukurasa wa sauti hiyo na uangalie picha za mbele za video.

Njia hii ina kikomo. Wimbo unaovuma unaweza kuwa umetumiwa na video zisizohesabika, hapo huwezi kuzipitia. Inang'aa pale sauti inapokuwa ya pekee, hasa ile iliyorekodiwa na mwenye video, kwa sababu sauti ya namna hiyo hubeba jina la akaunti ya kwanza kuitumia. Mtu aliyemkopi fundi wetu akiacha sauti ileile, jina la sauti linaweza kukurudisha kwa fundi.

Fuata picha

Una picha ya skrini? Au rafiki alikutumia kipande? Basi uko karibu sana. Kabla ya kuipeleka popote, ikuze uiangalie polepole. Video iliyopakuliwa kutoka TikTok huwa na nembo ya mtandao inayohamahama, na chini ya nembo kuna alama ya @ na jina la akaunti. Aliyeikata video juu na chini ili kuificha nembo mara nyingi huacha nusu ya jina pembeni, na herufi tano tu zikiandikwa kwenye sehemu ya kutafuta watumiaji zinatosha kuleta orodha fupi. Tazama pia maandishi ukutani, kibandiko kwenye mashine, jina kwenye aproni. Neno Singer pale ubavuni limeshatusaidia kwenye Google. Mtindo wa cherehani unaweza kusaidia zaidi.

Kisha ipeleke picha kwenye Google Lens, zana ya Google ya kutafuta kwa kutumia picha, na usiishie hapo. Yandex, Bing na TinEye nazo hutafuta kwa picha, ila hutumia njia tofauti na huleta matokeo tofauti. Kata picha ubakize kilicho cha pekee: ukiiacha na maandishi makubwa ya njano, mashine itatafuta picha zenye maandishi ya njano. Kama una kipande cha video, chukua picha za skrini kutoka sehemu tatu au nne, hasa mwanzo, kwa kuwa picha ya mbele ya video mara nyingi hutoka sekunde za mwanzo.

Linki unayo, lakini video haifunguki

Hapa soma ujumbe unaotokea kwa makini, maana si kila video iliyofungwa imekufa. Video iliyofanywa ya faragha bado ipo, na mwenyewe anaweza kuifungua. Iliyozuiwa kwa eneo lako inaonekana kwa walio kwingine. Iliyofutwa ni habari nyingine. Jaribu kuifungua ukiwa umetoka kwenye akaunti. Ikifunguka, basi tatizo ni kati ya akaunti yako na yake, pengine amekuzuia.

Linki iliyokufa bado inasema mengi. Ya YouTube ina kitambulisho cha herufi na tarakimu 11. Kinakili, kiweke ndani ya alama za nukuu kwenye Google, na utakuta kurasa zilizowahi kuitaja, mara nyingi pamoja na kichwa chake. Ukishajua kichwa, unaweza kuipata nakala iliyowekwa na mwingine. Ibandike pia linki kwenye web.archive.org, hifadhi ya Internet Archive, inayotunza sura za kale za kurasa. Video yenyewe haihifadhiwi kila mara, ila kichwa na maelezo mara nyingi yapo.

Linki ndefu ya TikTok huishia na namba ya tarakimu 19, na ndani ya namba hiyo kumefichwa wakati video ilipowekwa. Igawanye kwa 4,294,967,296. Unachopata ni idadi ya sekunde tangu 1 Januari 1970, na kikokotoo chochote cha muda cha mtandaoni kitakigeuza kuwa tarehe. Namba inayoanza na 7000, kwa mfano, ni ya mwishoni mwa Agosti 2021. Ukiwa na tarehe hiyo unaweza kwenda kwenye ukurasa wa mwenye video, au kwenye kurasa zake za mitandao mingine, ukaangalia aliweka nini siku hiyo.

Kama ilikuwa matangazo ya moja kwa moja ya Facebook, fahamu kwamba tangu 19 Februari 2025 mtandao huo huyatunza siku 30 tu kisha unayafuta. Baada ya hapo tumaini ni kwa mwenyewe, kama aliyapakua.

Video ni yako mwenyewe

Hesabu siku. Instagram na Facebook hukaa na kilichofutwa kwa siku 30 kwenye sehemu ya vilivyofutwa karibuni au tupio. Google Photos hutunza tupio siku 60 kwa video zilizokuwa na nakala mtandaoni, na 30 kwa zisizokuwa nayo. iPhone ni 30. YouTube ukishafuta umefuta, haina tupio.

Kwa rasimu za TikTok nasisitiza: usiiondoe programu kwenye simu. Rasimu hukaa ndani ya simu, hazipo kwenye seva (kompyuta za mtandao wenyewe), na ukiondoa programu ili "ianze upya" zinakwenda nazo. Programu ikikwama, zima tu simu kisha uiwashe. Rasimu zikionekana, zihifadhi kwenye galari kwanza kabla ya kufanya lolote.

Kuuliza watu, na wa kuwakimbia

Ukikwama, uliza mahali wanapokutana wenye fani hiyo. Kundi la mafundi cherehani litamtambua mzee yule kwa maelezo ya mistari miwili, wakati kundi la watu wote litakupa kicheko. Toa yale ya kwenye karatasi yako: Singer nyeusi, miwani, sindano kuwekwa kinyume, uliiona mwezi gani. Ukimpata mwenye video na alikuwa ameiondoa, mwombe kwa heshima, na akikataa, iache. Kuna watu huondoa video kwa sababu iliwaletea madhara, na hawana deni la kukueleza.

Mara tu utakapouliza hadharani, atatokea mtu wa kukuahidi kurudisha video yoyote iliyofutwa kwa malipo kidogo, au kukuomba nenosiri na ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Hakuna mtu wa nje anayeweza kuingia kwenye seva za mitandao hii akakutolea video. Anachotaka ni pesa au akaunti yako. Mzuie.

Ukishaipata

Nakili linki na ujitumie mwenyewe kwenye WhatsApp, katika mazungumzo yako na namba yako, ukiambatanisha maneno ambayo utayatafuta baadaye: "cherehani kuruka mishono, sindano kinyume". Linki peke yake haitafutiki kwa maneno unayoyakumbuka. Andika na jina la akaunti, kwa sababu linki inaweza kufa na mtu akabaki. Kama ni video utakayoitegemea kazini na mwenyewe ameruhusu kuipakua, ipakue, uipe faili jina la maana badala ya ile mistari ya tarakimu inayokuja nayo.